Kigeuze Kiti Kwanza: Kweli na Si Kweli Kuhusu Viti vya Zamani vya Wabunifu

Mwaka 1963, jijini London, Lewis Morley alimpiga picha Christine Keeler akiwa amekikalia kiti kinyumenyume, egemeo likiwa mbele yake kama ngao. Picha hiyo ilizunguka dunia, na kiti nacho kikapata jina. Watu wengi waliamini ni kile kiti cha Arne Jacobsen wa Denmark, namba 3107, kilichotolewa na kampuni ya Fritz Hansen mwaka 1955. Sicho. Ni kopi. Aliyekiiga alitoboa tundu la kushikia kwenye egemeo, ili kiti kitofautiane kidogo na cha Jacobsen na mkono wa sheria usimfikie. Leo kiti hicho kimehifadhiwa katika makumbusho ya Victoria and Albert hukohuko London, nayo makumbusho inasema wazi kwamba ni cha kuigiza.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaangusha kwa mpigo mmoja mambo matatu ambayo wanunuzi huyaegemea: umri, umaarufu na sura ya mbali. Kiti kile ni cha zamani, ni maarufu, na ukikitazama kutoka upande wa pili wa chumba ni Jacobsen mtupu. Bado si chake.

Kabla ya kuingia kwenye madai yenyewe, tuelewane maneno manne. Orijino ni kiti kilichotengenezwa na mbunifu, au na kampuni iliyopewa idhini na mbunifu au warithi wake. Cha zamani ni orijino iliyotoka kiwandani miongo kadhaa iliyopita. Kopi ni kiti kilichoiga umbo la kingine. Feki ni kopi inayouzwa kwa jina lisilo lake. Ugomvi wangu ni na hili neno la mwisho. Anayeiga na kusema ameiga, tunaweza kujadiliana naye kuhusu sheria na heshima ya mbunifu. Anayeiga akasema hakuiga anachukua fedha yako kwa uongo.

Dai la 1: "Kiti kikiwa kikongwe kweli, basi ni orijino."

SI KWELI. Kuiga viti hakukuanza jana. Chukua kiti cha kupumzikia cha Charles na Ray Eames, kile chenye maganda matatu ya plaiwudi, mito ya ngozi na stuli yake ya kuwekea miguu. Kampuni ya Herman Miller ilikitoa Marekani mwaka 1956, na watu wakakiona kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya NBC mwezi Machi mwaka huo. Haukupita muda mrefu, makampuni mengine ya hukohuko yakaanza kuuza viti vya sura hiyo. Inayotajwa zaidi ni Plycraft ya Lawrence, Massachusetts. Viti hivyo navyo vimezeeka. Mikwaruzo yake ni ya kweli, ngozi yake imechakaa kweli, hata vumbi la chini yake ni la miaka mingi.

Ndiyo maana muuzaji anayekuambia "tazama kilivyochakaa" hajakuambia lolote. Umri unajibu swali la lini. Hujauliza bado swali la nani. Kiti cha Plycraft kinachouzwa kwa jina la Plycraft ni kiti cha haki cha zamani, na wapo wanaokipenda kwa ajili yake chenyewe. Kikibandikwa jina la Eames, kimekuwa feki siku hiyo, hata kama kina miaka 60.

Dai la 2: "Lebo ndiyo ushahidi. Ikiwepo ni orijino, isipokuwepo ni feki."

SI KWELI, pande zote mbili. Lebo nyingi za zamani zilikuwa za karatasi au kibati chembamba. Karatasi huloa, hupauka na kubanduka, na fundi aliyewahi kubadilisha kitambaa anaweza kuwa aliitupa bila kujua thamani yake. Kwa upande mwingine, lebo ni kitu chepesi kuliko vyote kughushi. Anayeweza kuiga kiti kizima hashindwi na kipande cha karatasi.

Hata jina lililo kwenye lebo linahitaji elimu kidogo. Mtu akikuta kiti cha Eames kimeandikwa Vitra, au Hille, asidhani amepatikana. Herman Miller iligawa leseni. Vitra ndiyo iliyoshika soko la Ulaya, na Hille ilitengeneza kwa leseni Uingereza. Kiti cha Eames kilichonunuliwa London zamani hizo kisipotaja Herman Miller peke yake, hilo halikifanyi kuwa kibaya.

Basi lebo isomwe pamoja na mahali ilipobandikwa. Lebo ya zamani huzeeka pamoja na mbao. Ukiibandua ncha, utakuta chini yake mbao zina rangi tofauti na za pembeni, kwa kuwa hazikupata mwanga wala vumbi. Lebo safi juu ya mbao chafu ina maswali ya kujibu. Na mahali ambapo lebo ilibanduka mara nyingi hubaki kivuli chake, pembenne au duara. Kivuli hicho hakitoshi kuwa ushahidi, lakini ni cha kukitilia maanani kuliko lebo mpya inayong'aa.

Dai la 3: "Kiti cha Eames kinacholala nyuma ukivuta wenzo ni toleo la kifahari zaidi."

SI KWELI. Hili linawanasa wengi kwa sababu linapendeza kulisikia. Kiti orijino cha Eames hakina mtambo wa kulaza egemeo. Mwinamo wake ulipangwa tangu kwenye ubunifu na haubadiliki. Kiti huzunguka tu. Ukiona wenzo, kitufe au kirungu cha kukaza chini ya kikalio, kiache.

Kwa kuwa kiti hiki ndicho kinachoigwa mno, nitakaa nacho kidogo. Hesabu miguu kwanza. Kitako cha kiti kina matawi matano, na cha stuli kina manne. Kopi nyingi hukosea hapo hapo, zikakipa kiti chenyewe matawi manne, na kosa hilo unaliona hata kwenye picha ya simu.

Kisha pitisha kiganja nyuma ya maganda ya mbao. Hutakiwi kukuta skrubu iliyotoboa ganda na kutokea upande wa nje. Egemeo limeshikwa kwa vipande vya mpira vilivyogandishwa kwa gundi upande wa ndani wa mbao, na mpira huo ndio unaolifanya linepe kidogo unapoegemea. Ukiegemea na kiti kikawa kigumu kama benchi la shule, jiulize kilichomo ndani ni nini.

Halafu njoo kwenye mito. Hushikizwa kwa namna inayoruhusu kuitoa bila kuharibu kitu, na imepimwa kwa akili. Mto wa kichwa na wa mgongo ni kipimo kimoja. Mto wa kikalio na wa stuli nao ni kipimo kimoja. Mwombe muuzaji akuruhusu kuitoa na kuilinganisha. Ukikuta ngozi imepigiliwa pini moja kwa moja kwenye mbao, usiendelee kuuliza bei.

Dai la 4: "Plaiwudi yenye matabaka mengi zaidi ndiyo ya orijino."

SI KWELI. Tazama ukingo wa ganda, pale unapoona mistari myembamba ya mbao iliyolaliana. Maganda ya zamani ya kiti cha Eames, yale ya palisanda ya Brazili, yana matabaka matano. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mti huo ulipoachwa, maganda yakaja na matabaka saba. Kwa hiyo saba si bora kuliko tano, wala tano si bora kuliko saba. Cha kuangalia ni kama hesabu inalingana na simulizi. Muuzaji akisema kiti ni cha mwaka 1965 na wewe ukahesabu matabaka saba, mmoja kati ya mtu na mbao hasemi kweli, na mbao hazina sababu ya kudanganya.

Hapohapo kwenye mbao, chunguza mistari ya vinia, lile tabaka jembamba la mbao la juu. Mti haujirudii. Ukiona fundo lilelile na wimbi lilelile kwenye ganda la mgongo na la kichwa, sawasawa kama kanga mbili za doti moja, hiyo si mbao. Ni picha ya mbao iliyochapwa.

Dai la 5: "Kiti cha plastiki hakiwezi kuwa cha thamani. Orijino ni mbao nzima."

SI KWELI. Mwaka 1948 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York ilitangaza shindano la kubuni samani za bei nafuu. Vita vilikuwa vimekwisha na watu walihitaji nyumba na vyombo vya kuzijaza. Katika shindano hilo ndimo ulimochipuka mradi wa akina Eames wa kiti chenye ganda moja linalobeba mgongo, kikalio na mikono. Mwaka 1950 kiti kikaanza kuuzwa, ganda lake likiwa la faibaglasi. Kampuni iliyoyatengeneza maganda ya kwanza, Zenith Plastics ya California, ilikuwa imejifunza kazi hiyo wakati wa vita, ikitengeneza vifuniko vya rada.

Kiti hiki tunakifahamu wote, hata kama hatujui jina lake. Kopi zake za plastiki nyeupe, zenye miguu minne ya mbao iliyofungwa nyaya za chuma katikati, zimejaa kwenye mikahawa, saluni na ofisi za Dar es Salaam na Nairobi. Ili kuitambua faibaglasi ya zamani, isogeze kwenye mwanga wa dirisha. Utaona nyuzi ndani ya rangi, zimetapakaa bila mpango kama nywele kwenye sabuni. Kwenye maganda ya mwanzo kabisa kuna kamba iliyozamishwa ukingoni kuupa nguvu, na kidole kinaihisi. Pindua: majina ya watengenezaji mara nyingi yamesimikwa kwenye ganda lenyewe, na miguu imeshikwa kwenye duara za mpira. Plastiki ya kopi ni laini, rangi moja mwanzo hadi mwisho, na ukiigonga inalia kama ndoo.

Ila nyuzi peke yake hazitoshi kuthibitisha umri. Faibaglasi iliachwa mwishoni mwa miaka ya 1980, kiti kikarudi baadaye kwa plastiki ya polipropilini, na katika miaka ya 2010 Herman Miller ikarudisha faibaglasi kwa njia mpya. Nyuzi zinakuambia kiti kinaweza kuwa cha zamani. Mpira uliokauka, chuma kilichopata kutu mahali pake na alama za chini ndivyo vinavyomalizia sentensi.

Dai la 6: "Kikalio cha kamba ya karatasi ni dalili ya kiti cha bei poa."

SI KWELI, na hapa nimewahi kuona mtu akikiacha kiti kizuri sana. Hans Wegner wa Denmark alibuni kiti chake chenye egemeo la umbo la Y mwaka 1949, na kampuni ya Carl Hansen & Søn imekuwa ikikitengeneza tangu 1950. Kikalio chake orijino ni kamba ya karatasi iliyosokotwa. Kiti kimoja hula takriban mita 120 za kamba hiyo, nayo hufumwa kwa mkono. Kamba ya karatasi ilishika nafasi ya kamba za majani katika miaka ya uhaba wa vita, ikaonekana inadumu, ikabaki.

Mtu aliyekulia kwenye vitanda vya kamba anayo tayari elimu ya kukikagua kiti hiki. Msuko mzuri umekaza na mistari yake imenyooka kuelekea katikati, bila kamba kupandana. Geuza utazame chini: ufumaji wa haraka huficha uchafu wake huko.

Halafu fuata ule upinde wa juu unaozunguka mgongo na kuwa mikono. Kwenye orijino ni kipande kimoja cha mti kilichopindwa kwa mvuke, hivyo mistari ya mbao hukimbia na upinde mpaka mwisho. Kopi nyingi huunga vipande viwili au vitatu vilivyokatwa kwa msumeno. Utaona mahali mistari ya mbao inapokatika ghafla na mingine kuanza upande mwingine. Pitisha ukucha. Kiungo kilichofichwa kwa vanishi macho yanaweza kukikosa, ukucha haukikosi.

Dai la 7: "Kila kiti cha mbao za kupindwa ni Thonet, na kisichoandikwa Thonet ni feki."

SI KWELI, na hapa historia yenyewe ndiyo mwalimu. Michael Thonet alitoa kiti chake namba 14 mwaka 1859 huko Vienna, Austria. Kilikuwa na vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Kiliuzwa kikiwa kimefumuliwa, viti 36 kwenye kasha la mita moja ya ujazo, vikafungwa vilipofika. Ndiyo sababu kilifika kila bandari.

Lakini haki ya Thonet ya kupinda mbao peke yake ilikwisha mwaka 1869. Kuanzia hapo wengine waliingia kazini kihalali, wakiongozwa na J. & J. Kohn. Kiti cha Kohn si Thonet, na si feki pia. Ni Kohn, kina historia yake na wanaokitafuta. Kosa ni la dalali anayefuta jina la Kohn ili aandike lile linalouzika zaidi. Tazama ndani ya duara la kikalio, upande wa chini. Huko ndiko watengenezaji walikogonga mihuri ya moto na kubandika karatasi zao. Ukikuta sehemu hiyo imepigwa msasa na kupakwa rangi mpya wakati kiti kingine chote kimeachwa na uchakavu wake, uliza msasa ule ulikuwa unatafuta nini.

Dai la 8: "Kiti kilichotengenezwa mwaka huu ni kopi tu, hata kikitoka kampuni yenyewe."

NUSU KWELI. Kiti cha kupumzikia cha Eames kinachotoka Vitra au Herman Miller leo ni orijino, maana idhini ipo. Si cha zamani, na hakiuzwi kwa sababu za cha zamani. Nusu ya uongo hutokea pale cha mwaka 2015 kinapopakwa uzee na kuuzwa kama cha 1958.

Vipimo vinasaidia hapa, ila navyo vina mtego. Wapo wanaobeba futi ya kupimia wakiamini sentimita moja ikizidi ni feki. Watu wamerefuka tangu miaka ya 1950, na Vitra ikaongeza toleo kubwa zaidi kando ya lile la asili: la asili lina kimo cha sentimita 84 hivi, kubwa lina 89. Kiti cha sentimita 89 chaweza kuwa orijino kabisa. Hakiwezi kuwa cha mwaka 1958.

Dai la 9: "Kikiguswa na fundi, thamani yake imekufa."

NUSU KWELI. Kiti ni chombo cha kukaliwa. Kamba hukatika, ngozi hupasuka, na gundi inayoshika mpira wa maegemeo ya Eames huchoka baada ya miongo. Hilo la mwisho ni jambo la usalama: gundi ikiachia, egemeo linaanguka na mtu aliyeegemea. Kiti kilichorekebishwa vizuri na fundi anayejua kazi kinabaki kuwa kile kile.

Kinachopunguza thamani ni marekebisho ya kulazimisha, kama skrubu ndefu iliyopenyezwa kwenye ganda la mbao ili kuepuka kazi ya gundi. Na kinachoondoa uaminifu ni marekebisho yasiyotajwa. Muulize muuzaji swali moja kwa sauti ya kawaida: "Nini kimebadilishwa?" Mwenye kiti cha kweli huwa na orodha. Atakuambia mito ilibadilishwa lini na mpira upi ni mpya. Anayejibu kwamba kiti cha miaka 60 hakijaguswa kamwe, na ngozi yake haina hata mkunjo, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Dai la 10: "Viti vya miaka ya 1950 hakimiliki yake imekwisha. Yeyote anaruhusiwa."

SI KWELI, walau kwa wasomaji wetu walio Ulaya. Uingereza ilikuwa na kifungu kilichozipa kazi za ubunifu zinazozalishwa kwa wingi ulinzi wa miaka 25 tu, na maduka ya kopi yalisitawi chini yake. Kifungu hicho kilifutwa Julai 2016. Sasa ulinzi ni uhai wa mbunifu na miaka 70 baada ya kufa kwake. Charles Eames alifariki tarehe 21 Agosti 1978, na Ray akamfuata tarehe ileile mwaka 1988. Piga hesabu: tunazungumzia mwaka 2058.

Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ilitoa uamuzi katika kesi ya Vitra dhidi ya Kwantum, maduka ya Uholanzi yaliyokuwa yakiuza kiti kinachofanana na kile cha Eames chenye miguu ya mbao. Mahakama ilisema nchi wanachama haziwezi kuinyima kazi ya namna hiyo ulinzi kwa hoja tu kwamba imetoka nje ya Umoja. Kwa hiyo muuzaji aliyeko Ulaya anayekuambia kopi yake "imeruhusiwa kisheria" mwombe aseme kwa sheria ipi.

Dai la 11: "Nikinunua kiti cha palisanda, ninakisafirisha popote. Ni samani, si gogo."

SI KWELI. Palisanda ya Brazili, ile nyekundu iliyopitiwa na mistari myeusi, kwa jina la kitaalamu ni Dalbergia nigra. Tangu 1992 imo katika orodha kali kuliko zote ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kiti cha palisanda kinachovuka mipaka kinahitaji hati za kuonyesha kwamba mbao zake zilikatwa kabla ya zuio hilo. Bila hati, mzigo wako unaweza kuzuiwa na kutaifishwa, uwe umeununua kwa nia njema kiasi gani. Anayepanga kununua Berlin na kukipeleka Mombasa aulize kuhusu hati hizo kabla ya kulipa, si kontena likiwa bandarini.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon, ni ndugu wa ukoo mmoja na palisanda hiyo, na tangu 2017 ukoo mzima uko chini ya uangalizi wa mkataba huohuo. Waliokipenda kiti cha Eames kwa uzuri wa mbao zake walichangia kuumaliza msitu wa wengine. Kujua hivyo hakukuzuii kukipenda. Kunakufundisha kukitunza kilichopo badala ya kudai kingine.

Na hati hizo zina faida ya pili: zinathibitisha umri. Muuzaji anayesema "palisanda halisi ya 1960" lakini hataki kusikia habari za hati, ama hana palisanda, ama hana 1960.

Dai la 12: "Kiti kikiuzwa kwa bei ya kutupa, kina walakini."

KWELI, mara nyingi. Mara moja moja mtu hurithi nyumba, hajui kilichomo, akauza kiti cha maana kwa bei ya mitumba. Hutokea. Lakini anayeandika jina la mbunifu, mwaka na aina ya mbao kwenye tangazo lake anajua anachouza, na anayejua hauzi kwa robo ya bei kwa huruma tu. Geuza sentensi hiyo vilevile: bei kubwa haithibitishi chochote. Feki ya hatari kuliko zote ni ile iliyopewa bei ya orijino.

Dai la 13: "Fundi seremala wa kawaida anaweza kukusaidia kuliko mjuzi wa majina."

KWELI. Mjuzi wa majina anatazama umbo, na umbo ndilo lililoigwa. Fundi anatazama viungo, kwa sababu ndipo kazi yake ilipo. Mpeleke fundi wa Keko, Dar es Salaam, au wa Ngong Road, Nairobi, mbele ya kiti ambacho hajawahi kukisikia, atakipindua kabla hujamwambia bei. Ataangalia mbao zimekatwa upande gani wa mistari yake, gundi imevuja wapi, skrubu ni ya aina gani na kama kutu yake inafanana na umri unaodaiwa, msasa umefika kwenye kona ambazo hakuna anayeziona au umeishia mbele. Hajui jina la Wegner, lakini anajua kama aliyetengeneza alikuwa na haraka.

Kama kiti kiko mbali na fundi hawezi kufika, omba picha za fundi: chini ya kikalio, ukingo wa mbao kwa karibu, kila kiungo, kila skrubu, na mahali lebo ilipo au ilipokuwa. Picha za mbele zenye taa nzuri ni za kuuzia. Muuzaji mkweli atalalamika kuwa unamsumbua, kisha atazipiga. Mwingine atakuambia kuna mteja mwenzako njiani. Mwache huyo mteja afike.

Dai la 14: "Asiye na fedha ya orijino hana budi kununua kopi."

SI KWELI, na hili ndilo linalonigusa kuliko yote. Dhana hii imetujazia nyumba viti vinavyojifanya vya watu wengine, ambavyo miguu yake inalegea kabla ya mwaka kwisha, huku mafundi wetu wakikaa na mbao zao wakisubiri mteja. Fedha inayonunua kopi sita za plastiki mara nyingi inatosha kumlipa fundi mmoja atengeneze viti viwili vya mninga au mvule, kwa kimo chako, vya kudumu mpaka wajukuu.

Ukivipata, mwombe fundi aandike jina lake na mwaka chini ya kikalio, kwa penseli au kwa chuma cha moto. Mafundi wengi hawana desturi hiyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaomba. Siku moja mtu asiyejua jina lako atakipindua kiti hicho sebuleni kwake, akitafuta kama ni cha kweli, na atakuta jibu limeandikwa.